Uchambuzi: Mafuta ya Ziwa Albert na siri iliyomo maabarani

Mwezi Februari 2022, mjini Kampala, kampuni za TotalEnergies ya Ufaransa na CNOOC ya China, pamoja na serikali za Uganda na Tanzania, zilitangaza uamuzi wa mwisho wa kuwekeza katika mafuta ya Ziwa Albert. Hotuba za siku hiyo zilitaja mabilioni ya dola na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Ni wachache walioliuliza swali linalotangulia yote hayo: ni nani aliyeyasoma mafuta haya maabarani, na matokeo ya usomaji huo yamo mikononi mwa nani?

Swali hilo si la wanasayansi peke yao, na bomba lenyewe ni ushahidi wa kutosha. Limebuniwa lipashwe joto njia nzima, mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 za Selsiasi au zaidi, kwa kuwa yana nta nyingi na huganda yakipoa. Kiini cha tabia hiyo ni mwani ulioota katika ziwa la kale lisilo na chumvi, ukafa, ukazikwa matopeni na kupikwa kwa mamilioni ya miaka. Historia ya mwani huo imeongeza gharama ya bomba, na kwayo imegusa hazina ya taifa.

Jiwe linavyosomwa

Kazi ya maabara huanza kwa kupima utajiri wa jiwe. Sampuli husagwa, huoshwa kwa asidi ili kuondoa kaboni ya chokaa, kisha huchomwa na gesi inayotoka hupimwa. Kaboni inayotokana na viumbe isipofika nusu ya asilimia moja, jiwe kwa kawaida huhesabiwa kuwa maskini. Ikipita asilimia mbili, huhesabiwa kuwa jema.

Hatua ya pili hufanywa kwa mtambo uitwao Rock-Eval, uliobuniwa na Taasisi ya Petroli ya Ufaransa katika miaka ya 1970. Unga wa jiwe, usiofika hata gramu moja, huwekwa katika tanuri isiyo na oksijeni. Kwenye nyuzi 300 hivi hutoka mafuta ambayo jiwe lilikwisha kuyatengeneza. Joto likizidi kupanda, mabaki ya viumbe yasiyoyeyuka, ambayo wataalamu huyaita kerojeni, huvunjika na kutoa yale ambayo jiwe lingeyatoa baadaye. Kiwango cha joto ambapo utoaji huo hufikia kilele hueleza jiwe limeiva kiasi gani: karibu nyuzi 435 ni dalili ya kuanza kuiva kwa mafuta. Lililo chini ya hapo bado ni bichi, na lililopita mno hubakiwa na gesi tu.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito mkubwa wa kisiasa. Katika miaka ya 1930 mwanakemia Mjerumani Alfred Treibs aligundua ndani ya mafuta ghafi kemikali zilizotokana na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Tangu hapo ilifahamika kwamba mafuta hubeba kumbukumbu ya viumbe vilivyoyazaa. Leo mashine ya kromatografia ya gesi huyatenganisha mafuta chembe kwa chembe, na spektrometa huzitambua kwa uzito wake. Mpangilio wa chembe hizo ni mithili ya alama za vidole.

Hata hivyo, mashine haisemi kweli pasipo sampuli safi. Tope la kuchimbia visima likiwa na mafuta ndani yake huweza kulifanya jiwe maskini lionekane tajiri. Kwa hiyo, mwenye kutegemea tarakimu za mwenzake bila kujua sampuli ilivyochukuliwa amekubali mizani asiyoikagua.

Ziwa moja, nchi mbili

Mwezi Agosti 2007, raia wa Uingereza aliyefanya kazi na kampuni ya Heritage Oil aliuawa kwa risasi katika Ziwa Albert, katika mvutano kati ya majeshi ya Uganda na Kongo. Mwezi uliofuata Marais Yoweri Museveni na Joseph Kabila walitia saini mkataba huko Ngurdoto, Arusha, wenye vipengele vya kushirikiana katika mafuta yanayovuka mpaka.

Lakini utajuaje kama mafuta yanavuka mpaka? Hapo ndipo alama za vidole zinapohitajika. Mafuta ya visima viwili yakitofautiana dhahiri, huenda kuna kizuizi kati yake. Yakifanana, hoja ya hifadhi moja hupata nguvu, ingawa ni lazima shinikizo na umbo la miamba navyo vichunguzwe. Nchi isiyo na sampuli wala wataalamu wake itaingia katika mazungumzo ya namna hiyo ikisikiliza tu.

Ushahidi wa mvuvi

Jambo la tatu linamhusu mvuvi. Huko Kibiro, kandokando ya ziwa, mafuta huchuruzika yenyewe tangu kale. Ikitokea siku nyavu zikatoka zimepakaa weusi, upande mmoja utasema ni uvujaji wa visima, na mwingine utasema ni maumbile. Maabara yaweza kuamua, ila kwa sharti moja: alama za michirizi ya asili na za kila kisima ziwe zimehifadhiwa mapema. Mauritius ilionja msiba huo mwaka 2020, pale meli ya Wakashio ilipomwaga takriban tani 1,000 za mafuta baharini. Sampuli zake zilichunguzwa na wanasayansi wa Australia na Marekani.

Ni haki kukiri kwamba Uganda haikuanzia patupu. Mwanajiolojia E. J. Wayland aliandika juu ya michirizi hiyo katika miaka ya 1920, na kisima cha Waki kilichimbwa mwaka 1938. Katika miaka ya 1980 serikali ilianza kupeleka vijana ng'ambo kusomea fani hii, na idara ya mafuta ya Entebbe ikapata maabara na hifadhi ya takwimu. Wengi wa majirani wangefurahi kuwa na mtaji wa namna hiyo.

Kasoro iliyobaki ni usiri. Mikataba ya mafuta kwa desturi huzifunga takwimu, na kampuni zina haki ya kulinda zile za kibiashara. Lakini alama za mafuta yanayochuruzika ziwani si siri ya biashara. Ni kinga ya raia. Zichapishwe, sampuli zake zitunzwe nchini, na vyuo vikuu vya Makerere, Dar es Salaam na Nairobi viruhusiwe kuzipima upya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mafuta ya Ziwa Albert, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo huandikwa maabarani, na wavuvi wa Kibiro wana kila sababu ya kutaka kuusoma kabla nyavu zao hazijachafuka.