Toeni Ule Msalaba Mwekundu Ukutani

Kliniki moja ya jamii hapa Burnt Forest imebadilisha logo na mtaa mzima umekasirika. Msalaba mwekundu uliokuwa ukutani umepakwa rangi juu, na mahali pake kumechorwa mikono miwili ya kijani. Wiki hii nimesikia kila kitu. Ati pesa za rangi zingenunua dawa. Ati kuna mtu amekula tenda. Ati wametoa msalaba ili kupiga vita Ukristo, na hiyo ndiyo ilinimaliza kabisa.

Mimi niko upande wa kliniki. Najua nitatukanwa, lakini acha nitukanwe nikiwa nimejieleza.

Kwanza, hasira yenyewe naielewa. Wakenya wamechoshwa na logo. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikafa, SHA ikazaliwa: jina jipya, nembo mpya, na kila mtu akaambiwa ajisajili upya, hata yule aliyekuwa amelipa miaka yote. Kwa hivyo msee akiona ngazi na kopo la rangi kwenye ukuta wa kliniki, akili inaenda moja kwa moja kwa "tunapangwa tena." Sawa. Kama wangetoa ua la buluu wakaweka ua la zambarau, ningekuwa wa kwanza kupiga kelele. Lakini walichotoa hapa si pambo. Walitoa alama ambayo haikuwa yao kutoka mwanzo.

Watu wengi wanadhani msalaba mwekundu maana yake ni "hapa kuna daktari." Hapana. Maana yake ni "usipige risasi."

Mwaka 1859 mfanyabiashara wa Uswisi, Henry Dunant, alipita Solferino kule Italia baada ya vita na kukuta maelfu ya majeruhi wameachwa wafe. Stori hiyo ndiyo ilizaa Mkataba wa Geneva wa 1864. Nchi zilikubaliana kuwe na alama moja ambayo mwanajeshi yeyote akiiona kwa mbali anajua huyo anabeba majeruhi, asiguswe. Wakachukua bendera ya Uswisi, wakageuza rangi. Hiyo tu. Haikuwa ya kanisa. Waturuki wa Ottoman walipoanza kutumia hilali nyekundu kwenye vita vya miaka ya 1870, alama ikawa na dada yake, na mwaka 2005 ikaongezwa ya tatu, kristali nyekundu, kwa wasiotaka msalaba wala hilali. Kwa hivyo wewe unayesema kliniki imemkana Yesu, pumzika kidogo.

Hapa Kenya si suala la adabu pekee, ni sheria. Red Cross ya Kenya iliundwa na Bunge mwaka 1965, na Sheria ya Mikataba ya Geneva ya 1968, Sura ya 198, inalinda hiyo alama. Kuitumia bila ruhusa ni kosa. Kemisti, kliniki ya kibinafsi, duka la dawa za mifugo, boksi la huduma ya kwanza ndani ya matatu: hakuna hata mmoja wao aliye na haki ya kuichora ati kwa sababu inapendeza. Tembea kutoka stendi hapa kwetu ukihesabu vibao. Mimi niliachia njiani, maana hata mahali pa kuuza chanjo ya kuku wameiweka.

"Lakini kila mtu anaitumia." Hiyo ndiyo shida yenyewe, si jibu lake.

Na sasa nataka tuongee kama watu wa Burnt Forest, si kama watu wa kusoma sheria. Huu mji jina lake lenyewe lina moto. Ulichomeka 1992. Ukachomeka tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wengi wetu tunaosoma hii tulikuwa wadogo sana au hatukuwa tumezaliwa, lakini kila nyumba hapa ina mtu mzima ambaye ukimuuliza anaanza kuongea halafu ananyamaza. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret ilikuwa na vizuizi vya mawe na magogo, vijana wanasimamisha magari, wanaitisha kitambulisho wasome jina lako. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Waliohama walikuwa mamia ya maelfu, na Red Cross ndiyo ilikuwa ikiwapelekea chakula na hema, pamoja na ile kambi kubwa ya Showground Eldoret.

Sasa piga picha. Umesimama kwenye kizuizi, una rungu, umelishwa uongo siku tatu. Gari linakuja lina msalaba mwekundu ubavuni. Kitu pekee kinacholinda watu walio ndani ni wewe kujua hiyo alama haina kabila na haina chama. Kama maisha yako yote umeiona kwa kemisti ya jirani yako, yule ambaye ukoo wake unaujua na kura yake unaijua, utaiheshimu kwa nini? Kwako itakuwa ni logo ya biashara ya fulani. Na biashara ya fulani ndiyo umekuja kuchoma.

Hii ndiyo sababu siwezi kukubali ile ya "ni rangi tu."

Na kama 2008 ni mbali kwako, nenda karibu. Tarehe 25 Juni 2024, ile siku ya Bunge. Red Cross ilitangaza siku hiyo hiyo kwamba magari yake yameshambuliwa na wafanyakazi wake wameumizwa. Hao ndio walikuwa wanabeba watu wa rika letu waliopigwa risasi. Sisemi walishambuliwa kwa sababu ya kibao cha kemisti, tusidanganyane. Nasema alama ikishakuwa ya kila mtu inaacha kumlinda yeyote, na sisi Gen Z tumeshaona kwa macho siku ambayo tunaihitaji.

Wenzetu wa ng'ambo wanafuatilia mpaka kwenye gemu. Mwaka 2017 Introversion, waliotengeneza Prison Architect, walipata barua kutoka Red Cross ya Uingereza kwa sababu ambulensi ndani ya gemu ilikuwa na msalaba mwekundu. Ambulensi ya katuni! Wakaubadilisha. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi nacheka kidogo tu.

Kuna hoja moja ya upande mwingine ambayo ni nzito. Shosho wangu hasomi. Kwake ule msalaba ni alfabeti: akiuona anajua atashuka hapo. Ukiutoa, umemtupa. Nakubali, na hapa ndipo nagombana na kliniki yenyewe. Mikono miwili ya kijani ni nini? Inaweza kuwa sacco. Inaweza kuwa kanisa jipya. Alama ya huduma ya kwanza inayojulikana dunia nzima iko tayari, msalaba mweupe juu ya kijani, na haimzuii yeyote. Shosho atauona ni msalaba bado. Mbona mkatafuta ubunifu pale ambapo hamkuhitaji?

Na wengine msikimbilie nyoka, tafadhali. Ile fimbo yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Hermes, mungu wa wafanyabiashara wa Wagiriki. Ya uganga ni ya Asclepius, nyoka mmoja, bila mabawa, kama iliyo kwenye nembo ya WHO. Ingawa kwa bei za baadhi ya kliniki, labda Hermes ndiye anawafaa.

Pia kuna wanaosema sisi tunahudumia maskini, si tupewe ruhusa. Mkataba wa Geneva wa 1949 una huo mlango: wakati wa amani, kituo kinachotibu bure kabisa kinaweza kuruhusiwa, lakini ruhusa inatoka kwa Red Cross yenyewe. Bure kabisa. Kama kuna dirisha la kulipia kadi, mlango umefungwa.

Kwa wale waliobaki na msalaba mwekundu kwa kibao: hamhitaji NGO wala mbunifu wa Nairobi. Mandhari nyeupe ipakeni kijani, msalaba mwekundu mpake nyeupe. Fundi wa vibao anamaliza kabla ya chai ya saa kumi.