Msiilaumu Linux, Tazameni Chaja

Jamani, nimechoka kusikia "sakinisha upya"! Juzi laptopu yangu ilikwama kwenye 800 MHz, ilhali prosesa yake hufika 2.4 GHz. Fundi akasema imezeeka, ninunue nyingine. Nikasoma scaling_governor: performance. Nikasoma scaling_max_freq: 2400000. Linux haikuwa na kosa. Nikachomoa chaja, nikabaki na betri tu. Kasi ikarudi papo hapo. Kumbe laptopu haikuitambua ile chaja ya bei nafuu, haikujua ina wati ngapi, ikaibana prosesa kimyakimya. Kujilinda ni sawa, lakini kunyamaza ni uhuni. Watengenezaji, mnashindwa nini kuandika ujumbe mmoja kwenye skrini? Nanyi wadau, kabla ya kutoa pesa, chomoeni chaja kwanza.