Jeraha la Mzazi Nalo Lifundishwe

Mafunzo ya uzazi katika shule zetu mara nyingi huanza na yai la mama na mbegu ya baba, yakapitia miezi tisa ya mimba, kisha yakakoma ghafla pale mtoto anapolia. Mwanafunzi huambiwa kwamba kitovu hukatwa na kondo la nyuma hutoka, na kitabu hufungwa. Juu ya yule aliyezaa hasikii zaidi. Maoni yangu ni kwamba mafunzo hayo yamekatizwa mahali pasipostahili, na kwamba ukimya huo unadhuru afya za watu. Mfano ulio wazi ni jeraha la msamba.

Msamba ni sehemu ya mwili iliyo baina ya uke na njia ya haja kubwa. Chini ya ngozi yake imo misuli inayobeba viungo vya nyonga, pamoja na msuli wa duara unaofunga njia ya haja kubwa. Wakati wa kuzaa sehemu hii hutanuka mno ili kichwa cha mtoto kipite, na mara nyingi huchanika. Jambo hili si la nadra, wala si alama ya uzembe wa mzazi. Huko Uingereza, kati ya wanawake 10 wanaozaa mtoto wa kwanza kwa njia ya kawaida, hadi 9 huchubuka, huchanika au hukatwa kwa kiasi fulani.

Wataalamu wameugawa mchaniko katika daraja nne. Daraja la kwanza hugusa ngozi tu, na mara nyingi hupona bila kushonwa. La pili hufika kwenye misuli ya msamba, na kwa kawaida hushonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. La tatu hugusa ule msuli wa duara, na la nne hupenya hadi utando wa ndani wa njia ya haja kubwa. Daraja hizi mbili za mwisho ni chache, lakini hapana budi zitambuliwe mapema na kushonwa na mtaalamu aliyefunzwa kazi hiyo.

Je, jeraha hili huponaje? Hapa mwalimu wa elimu ya viumbe ana somo lililo tayari. Kwanza damu huganda na kuziba mishipa iliyokatika. Kisha chembe nyeupe za damu hufika kupambana na vijidudu na kuondoa uchafu. Ndiyo sababu mahali hapo huvimba na kuuma katika siku za mwanzo. Baadaye mwili hutengeneza nyama mpya na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, ambazo hupangwa na kukazwa kwa muda wa miezi. Ngozi iliyoshonwa huwa na kama asilimia 10 tu ya nguvu zake za awali baada ya wiki moja, na hufikia kama asilimia 70 hadi 80 baada ya miezi mitatu. Tazama basi jinsi desturi yetu ya arobaini ilivyo na maana: siku 40 za kupumzika zinakaribia sana wiki sita ambazo waganga huzihesabu kuwa kipindi cha mzazi kurejea hali yake. Lakini hesabu hiyohiyo inatuonya kwamba arobaini ikiisha, kazi ya mwili haijaisha. Kumrudishia mzazi ndoo na mzigo wa kuni siku ya arobaini na moja, kana kwamba hakuna kilichotokea, ni kupuuza elimu.

Matunzo yenyewe ni mepesi na hayahitaji gharama kubwa. Mzazi anawe mikono kabla na baada ya kugusa vitambaa vyake, avibadilishe mara kwa mara, ajisafishe kwa maji safi kila aendapo haja, kutoka mbele kwenda nyuma, na ajikaushe taratibu. Ale mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, na anywe maji ya kutosha, ili haja kubwa iwe laini isisukume mishono. Maumivu yakizidi, dawa ya paracetamol haimzuii kunyonyesha. Tena afanye mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kama mtu anayejizuia kutoa upepo, akaze kwa nukta chache na kulegeza. Mazoezi haya yalienezwa na daktari Arnold Kegel wa Marekani tangu mwaka 1948, na yangali yanahimizwa hata leo.

Katika nyumba nyingi mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na nia ya wanaomkanda ni njema. Hata hivyo, tupime. Maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa nukta tano hivi. Kwa hiyo maji yenye joto la kuua vijidudu mara moja yatakuwa yamekwisha kuua chembe hai za mzazi mwenyewe, nazo ndizo zinazojenga upya. Maji ya uvuguvugu humburudisha. Maji yanayochoma humwongezea jeraha. Wako pia wanaotia chumvi katika maji. Huko Uingereza wazazi 1,800 waligawanywa katika mafungu matatu: waliooga kwa maji yenye chumvi, yenye dawa ya kuua vijidudu, na maji matupu. Matokeo yalitolewa mwaka 1988: kupona kwao hakukutofautiana.

Msomaji asidhani kwamba ni desturi za nyumbani tu zinazohitaji kupimwa. Hospitali nazo zina desturi zake. Mwaka 1742 mkunga Fielding Ould wa Dublin aliandika juu ya kuukata msamba ili kumpisha mtoto, kitendo ambacho kwetu huitwa kuongeza njia. Mwaka 1920 Joseph DeLee wa Chicago alihimiza kitendo hicho kwa wanawake wanaozaa mara ya kwanza, na katika nchi nyingi kikawa kama sheria. Ilidaiwa kwamba mkato ulionyooka hupona vizuri kuliko mchaniko. Hoja hiyo ilipendeza masikioni, lakini hakuna aliyekuwa ameipima. Ilipopimwa Argentina kwa wanawake 2,606, na matokeo kutolewa mwaka 1993, fungu moja lilikatwa kwa desturi, nao waliokatwa wakawa asilimia 83. Fungu la pili lilikatwa kwa haja tu, nao wakawa asilimia 30. Michaniko mikubwa haikupungua kwa wale waliokatwa zaidi, na hao ndio waliopata maumivu na matatizo ya kupona kwa wingi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kukata kusifanywe kwa mazoea katika uzazi wa kawaida; badala yake lilitaja njia kama kitambaa cha maji ya uvuguvugu kuwekwa msambani wakati mtoto anaposukumwa.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni haya. Mzazi mwenye homa, usaha, harufu mbaya, mishono iliyoachia au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yampasa kwenda kituo cha afya upesi. Vilevile yule asiyeweza kuzuia upepo, mkojo au haja kubwa ana ugonjwa unaotibika. Hata waliochanika msuli wa duara, wakishonwa vizuri, 60 hadi 80 kati ya 100 huwa hawana tatizo lolote baada ya mwaka mmoja. Lakini wengi hunyamaza, wakijitenga na shughuli na ibada, wakiamini kwamba hiyo ndiyo kodi ya kuzaa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Afichaye jeraha la uzazi naye haponi.

Atakuja mtu aulize: mambo haya yafaa kusemwa mbele ya vijana? Namjibu kwamba tunawafundisha vijana haohao jinsi mimba inavyotungwa, na hakuna haya iliyo kubwa kuliko hiyo. Wavulana wasitolewe nje ya darasa, maana wao ndio waume wa kesho, watakaoamua kama mzazi apumzike, na kama nauli ya kwenda hospitali itatolewa leo au wiki ijayo. Walimu, mfikapo kwenye somo la uzazi, ongezeni kipindi kimoja tu kwa ajili ya mama. Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani mkamkuta dada au shemeji amejifungua, msiulize juu ya mtoto peke yake. Muulizeni naye mzazi anaendeleaje.