Zima Taa, Chakula Kionekane

Ijumaa moja jirani yangu, ambaye hupika pilau nyumbani na kuiuza kwa oda, alinigongea mlango akiwa na simu mkononi na hasira usoni. Alikuwa amenunua taa ya duara, ile ya miguu mitatu ambayo vijana hujirekodia video. Aliiwasha, akawasha na taa ya dari, akaongezea flashi ya simu, kisha akapiga picha sahani yake ya pilau na kachumbari. "Kaka, nimeweka mwanga wote nilionao," akaniambia. "Mbona pilau inaonekana ya jana?"

Nikaitazama picha. Punje za wali zilikuwa zimeungana zikawa tope la kahawia. Nyama ilikuwa bapa, kama imechorwa kwa kalamu ya rangi. Juu ya kila tone la mafuta palikuwa na kiduara cheupe: taa ilikuwa inajitazama kwenye chakula cha watu. Mpishi hakukosea kitu. Kosa ni la waliomwaminisha, kama wanavyotuaminisha sote, kwamba picha nzuri ni mwanga mwingi.

Imani hiyo imeenea kuanzia kwa mama lishe anayetuma picha za mchana kwenye makundi ya WhatsApp hadi kwenye hoteli zenye menyu za kung'aa. Picha ikiwa mbaya, dawa ni taa nyingine. Ikizidi kuwa mbaya, dawa ni simu mpya. Mimi nasema picha zetu za chakula haziuawi na uhaba wa mwanga. Zinauawa na uhaba wa kivuli.

Picha ni kitu bapa. Jicho linajuaje basi kwamba kitumbua kimeumuka, sambusa ina kona na chapati ina matabaka? Linajua kwa sababu upande mmoja unang'aa na upande wa pili umefifia. Ukimulika chakula kutoka palepale ilipo kamera, vivuli vyote hukimbilia nyuma yake, mahali ambapo kamera haioni. Chapati inabaki duara la kahawia, na ugali unabaki karatasi. Simu ya laki mbili na simu ya milioni tatu zitaupiga ubapa huohuo. Ya milioni tatu itaupiga tu kwa usafi zaidi.

Tuiulize taa ya duara asili yake. Flashi ya duara inayozunguka lenzi ilibuniwa mwaka 1952 na Mmarekani Lester Dine kwa ajili ya picha za meno. Daktari alitaka kuona ndani ya kinywa bila kivuli hata kimoja, na kwa kazi hiyo ilifaa sana. Baadaye wapiga picha za urembo waliipenda kwa sababu hiyohiyo: inafuta mikunjo na vishimo vya uso. Sasa sisi tumeielekeza kwenye bajia. Uzuri wa bajia ni upi kama si mikunjo na vishimo vyake? Kifaa kilichobuniwa kumulika meno tumekigeuza cha kumulika kinachotafunwa, halafu tunashangaa chakula kimekosa ladha machoni.

Nitajibiwa kwamba chakula chetu ndicho chenye shida. Wazungu wana saladi za rangi saba, sisi tuna ugali mweupe, maharage ya kahawia na dagaa wa kijivu, kwa hiyo bila taa kali hakuna kitakachoonekana. Hoja hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana inakitukana chakula ili kuitetea taa. Katika karne ya 17, mji wa Haarlem huko Uholanzi ulikuwa na mchoraji aliyeitwa Pieter Claesz. Alichora meza za mkate, samaki na bilauri karibu zote kwa rangi za udongo: kahawia, kijivu, manjano iliyofifia. Hakuhitaji rangi saba. Alihitaji mwanga wa upande mmoja, na giza la kutosha upande wa pili. Michoro yake iko kwenye majumba makubwa ya makumbusho hadi leo. Mkate wake na ugali wetu ni ndugu. Tofauti ni jinsi vilivyomulikwa.

Au mchukue Mmarekani Edward Weston. Mwaka 1930 alipiga picha ya pilipili hoho moja, akaiita Pepper No. 30, na ni miongoni mwa picha mashuhuri kuliko zote za kitu kilichotulia. Hoho hiyo aliiweka ndani ya faneli ya bati, faneli kama hizi tunazomiminia mafuta ya taa. Mwanga uliokuwa ukizunguka mle ulikuwa haba, na kamera ililazimika kubaki wazi kwa muda mrefu kwa picha moja. Hoho ikatoka na mabega, na mgongo, na misuli ya mpiga mieleka. Faneli na subira vilitosha.

Hoja ya pili ni ya mfanyabiashara: mteja anataka kuona anachonunua, na kivuli kinaficha. Ni hoja ya heshima, tuijibu kwa heshima. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya supu ya Campbell huko Marekani ilitaka wateja waone mboga zote zilizomo. Kwenye matangazo yake zikawekwa gololi za kioo ndani ya bakuli, chini ya supu, ili mboga zisizame. Tume ya Biashara ya Shirikisho iliingilia kati, na mwaka 1970 shauri likaisha kwa kampuni kukubali kuacha mchezo huo. Mwanga wa kutoka nyuma ya bakuli ungeweza kufanya kazi ya gololi bila kumdanganya mtu. Kipande cha nyama kinachochungulia kidogo tu juu ya mchuzi kingepata ukingo unaong'aa na kivuli mbele yake, kikasimama chenyewe. Kwa hiyo kivuli hakifichi. Kivuli ndicho kinachomwambia mteja kwamba hapa pana nyama, na pale pana mchuzi tu.

Mvuke nao una ushahidi wa kutoa. Kila mpishi anataka uonekane, kwa sababu ndio unaosema "kimetoka jikoni sasa hivi". Umulike mvuke kwa mbele, unatoweka. Uwekee mwanga nyuma na kitu cheusi kando ya mwanga huo, unapanda kama ubani.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Tunaishi karibu na Ikweta, jua linachomoza karibu saa ileile mwaka mzima, halafu tunafunga mapazia na kununua taa. Si kwamba nakushauri uweke sahani juani. Jua la saa sita, likiwa utosini, ni flashi nyingine tu. Mwanga wa chakula ni ule wa dirishani au mlangoni, jua lenyewe likiwa upande mwingine wa nyumba. Saa tatu asubuhi unafaa, saa kumi alasiri unafaa. Kama dirisha lako linapigwa na jua moja kwa moja, tundika shuka jeupe na kazi imekwisha.

Kabla ya hapo, zima taa ya dari. Huu si ubahili wa umeme. Mwanga wa mchana una takriban Kelvini 5500 na ule wa balbu ya manjano takriban 2700, na simu haiwezi kuiridhisha yote miwili: upande mmoja wa wali utatoka wa bluu au mwingine utatoka wa manjano. Kisha weka sahani mwanga ukitokea ubavuni au nyuma yake kidogo. Kivuli kikizidi ukali, simamisha karatasi nyeupe upande wa giza irudishe mwanga kidogo. Ugali au wali ukikosa umbo, fanya kinyume: weka kitambaa cheusi upande huo, kivuli kiongezeke. Ndiyo, kiongezeke. Shikilia kidole kwenye kioo cha simu juu ya chakula hadi fokasi ijifunge, halafu punguza mwangaza mpaka weupe wa wali urudishe punje zake.

Wanaopika usiku wasijione wametengwa. Taa moja ya mezani inatosha, mradi ikae ubavuni na isifungwe juu ya simu. Ining'inizie kitambaa cheupe mbele, mbali kidogo na balbu kisije kikaungua. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: ukiipeleka mara mbili ya mbali, kinachofika kwenye sahani ni robo. Kwa hiyo huna haja ya taa ya pili, una haja ya kuisogeza hiyo moja.

Ugonjwa wa mwanga mwingi una pacha wake, ugonjwa wa vitu vingi. Maua ya plastiki, uma ambao hakuna atakayeushika, kitambaa chenye maandishi ya Kifaransa, ndimu tatu zilizokatwa kwa ajili ya chai. Vyote vimewekwa na hofu ileile kwamba chakula peke yake hakitoshi. Ondoa kimoja kimoja mpaka kibaki kile ambacho mlaji angekihitaji. Chapati zipangwe na zipigwe kwa ubavu, maana sifa yao ni kimo. Sinia ya pilau itazamwe kutoka juu, maana sifa yake ni upana.

Jirani yangu hakuamini neno langu hata moja, na sikumlaumu, kwani taa ilikuwa imekula faida ya wiki nzima. Nilimwomba kitu kimoja tu: asiiwashe. Tuliibeba sahani hadi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, tukaiweka juu ya ubao wa kukatia mboga. Punje zikaachana. Hiliki nzima moja, ambayo taa ilikuwa imeimeza, ikajitokeza juu ya nyama.

Nawe jaribu kesho, kabla hujaenda dukani. Zima kila taa uliyonayo, peleka sahani dirishani, na usipige mpaka uone kivuli chake kinaangukia upande wako.