Shokabzoba Mbovu Zinakula Faida ya Shamba

Wakulima wenzangu, wakati wa mvua kule Sironga, simama asubuhi mapema kando ya barabara inayopanda kutoka bondeni. Utaziona pikapu na motokaa ndogo zikipita zimejaa ndizi, maziwa na watu. Yatazame magurudumu ya nyuma. Motokaa moja itaingia katika shimo, itashuka, itainuka, kisha itatulia. Inayoifuata itaingia katika shimo lile lile, nayo itaendelea kurukaruka kama mwanambuzi mpaka shimo la pili. Mwenyewe hana habari. Akifika soko la Daraja Mbili mjini Kisii atasema ndizi zake zimechubuka kwa sababu barabara ni mbaya. Kweli barabara ni mbaya, lakini mimi naona inasingiziwa mengi.

Nasema hivi kwa sababu nimelisikia jibu moja mara nyingi, kwa wazee na kwa vijana: "Motokaa ya shamba ni ya kazi, haitaki starehe. Shokabzoba ni za matajiri wanaotaka kukaa laini." Jibu hili ni kosa. Linatupotezea pesa, na siku nyingine linapoteza maisha ya watu. Shokabzoba si kitu cha starehe. Yafaa ihesabiwe pamoja na breki na usukani.

KAZI YAKE

Wengi hudhani kwamba shokabzoba hubeba mzigo. Sivyo. Mzigo hubebwa na springi, ziwe za mabamba kama zile za pikapu nyingi, au za kuzunguka kama zile za motokaa ndogo. Springi ikishindiliwa hutaka kurudi, na ikirudi hupita kiasi, kisha hushuka tena. Ikiachwa peke yake itacheza mara nyingi kabla ya kutulia. Shokabzoba ndiyo inayoizuia. Ndani yake mna pistoni inayokwenda katika mafuta, na mafuta hayo hulazimishwa kupenya katika matundu madogo yenye vali. Kwa kuwa hayapiti upesi, nguvu ya kuruka hupungua na kugeuka kuwa joto. Hukadiriwa kwamba katika kila kilomita moja shokabzoba husogea juu na chini kadiri ya mara 1,000. Mafuta yakivuja, au vali zikilika, pistoni hupita bure, na springi hubaki bila wa kuituliza.

Hapo ndipo gurudumu linapoanza kuruka. Gurudumu lililo hewani halishiki breki wala halishiki kona. Katika vilima vyetu vya Kisii na Nyamira, ambako mahali pengi mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka na udongo mwekundu huwa kama sabuni, jambo hilo si dogo. Dereva hukanyaga breki, nyuma ya motokaa hutupwa kando, na watu waliokaa juu ya mikungu ya ndizi hawana pa kushika.

Wazee wataikumbuka ile Safari ya motokaa ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 motokaa zilizomaliza mbio zilikuwa 7 tu, na miaka hiyo yote miwili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki wa Kenya. Funzo ninalolipata mimi ni hili: katika barabara zetu anayefika si mwenye injini kubwa tu, bali ni yule ambaye vyombo vya chini ya motokaa yake vimevumilia.

JINSI YA KUZITAMBUA MBOVU

Mimi mwenyewe nilikosea kwanza. Nilinunua mipira miwili mipya ya nyuma, na baada ya miezi michache ikawa na mabonde mabonde. Nilimlaumu mwenye duka. Kumbe fundi alipoingia chini ya motokaa alizikuta shokabzoba zote mbili zimelowa mafuta toka juu mpaka chini. Nilikuwa nimeutibu mguu, na ugonjwa ulikuwa kiunoni. Basi msifanye kama mimi. Fanyeni uchunguzi huu.

Kwanza, simamisha motokaa mahali palipo sawa, bila mzigo. Sukuma pembe moja ya nyuma kwa nguvu mara tatu au nne, kisha iache ikiwa chini. Iliyo nzima huinuka, hushuka kidogo, hutulia. Ikiendelea kucheza zaidi ya hapo, ishuku. Fanya hivyo upande wa pili na kulinganisha. Lakini kwa pikapu yenye springi nzito za mabamba jaribio hili halisemi mengi, kwa kuwa nguvu za mtu hazitoshi. Huko tegemea dalili zinazofuata.

Pili, tazama mafuta. Unyevu mwembamba wenye vumbi si ushahidi wa kutosha. Pangusa shokabzoba kwa kitambaa, endesha juma moja, kisha tazama tena. Ukikuta mafuta yanatiririka mwilini mwake, hiyo imekufa.

Tatu, pitisha kiganja juu ya mpira wa nyuma. Ukisikia mabonde na vilima kuzunguka mpira, gurudumu limekuwa likiruka. Mpira ulioliwa ukingo mmoja tu, au katikati tu, ni shauri jingine: huenda ni pumzi isiyo sawa au magurudumu hayakunyoka.

Nne, baada ya safari ya barabara mbovu, sogeza mkono polepole karibu na kila shokabzoba ya nyuma, ukijihadhari na bomba la moshi. Zote mbili zapaswa kuwa na joto. Ikiwa moja ina joto na nyingine ni baridi, ile ya baridi haifanyi kazi.

Tano, sikiliza. Mlio wa ko-ko-ko kila penye shimo mara nyingine hutoka kwa bushi za mpira zilizokwisha, au nati iliyolegea. Angalia hayo kabla hujatoa pesa nyingi. Lakini ufito wa shokabzoba ukiwa umepinda au umeshika kutu, hiyo haina dawa.

Tena, msichanganye magonjwa mawili. Motokaa iliyolala nyuma, au iliyoinama upande mmoja hata ikiwa tupu, ina springi iliyochoka au bamba lililovunjika. Shokabzoba mpya haitaiinua.

KUCHAGUA NYINGINE

Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Mtu huona moja inavuja, hununua moja. Kisha nyuma ya motokaa upande mmoja hutulia na wa pili huruka, na katika kona motokaa haijui imfuate nani. Badilini mbili za nyuma pamoja, siku moja, za aina moja.

Kosa la pili ni kununua zilizotolewa katika motokaa iliyokwisha. Kanuni za Kenya huruhusu kuingiza motokaa iliyotumika, mradi isipite umri wa miaka 8. Maana yake motokaa nyingi tunazonunua zilikwisha kufanya kazi miaka kadhaa kabla hazijafika Mombasa. Shokabzoba uliyoikuta katika motokaa yako huenda ni ile ile ya kiwandani. Sasa ukitoa iliyozeeka na kutia nyingine iliyozeeka, umepata faida gani? Baadhi ya viwanda hushauri kuzikagua kila kilomita 20,000, na kufikiria kuzibadili zifikapo kilomita 80,000. Kwa barabara zetu za murram na mzigo tunaobeba, mimi sioni kwamba yafaa kungoja mpaka hapo.

Ukienda dukani, chukua namba ya motokaa iliyo katika kibati chake, si jina la motokaa tu, na ukiweza chukua na shokabzoba ya zamani. Linganisha urefu ikiwa imekunjuka na ikiwa imekunjwa, na namna inavyofungwa juu na chini. Iliyo fupi mno itavutwa mpaka ing'oke, na iliyo ndefu mno itagonga mwisho kabla ya springi kumaliza safari yake. Ziko za mafuta tu, na ziko za mafuta na gesi. Gesi huzuia mafuta yasitoe povu katika mashimo mengi mfululizo, kwa hiyo kwa anayesafiri kila siku katika murram zafaa zaidi. Majina kama KYB ya Japani na Monroe ya Marekani yanajulikana sana, na kwa sababu hiyo jihadhari na za bandia. Kenya ina sheria juu ya bidhaa bandia tangu mwaka 2008, lakini sheria haiwezi kuja dukani pamoja nawe. Nunua kwa mtu anayekupa risiti na dhamana. Bei iliyo chini mno yafaa ikuogofye, wala isikufurahishe.

KUZIBADILI

Kama motokaa yako ni ya aina ambayo springi ya kuzunguka imevikwa juu ya shokabzoba yenyewe, usiifungue nyumbani. Springi ile imebanwa kwa nguvu nyingi na yaweza kumwua mtu. Mpelekee fundi mwenye chombo cha kuibana. Lakini pale shokabzoba inaposimama peke yake, kama ilivyo nyuma ya pikapu nyingi, kazi si ngumu kwa mtu mwenye spana na subira.

Weka motokaa mahali pagumu palipo sawa. Zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, mbele na nyuma yake. Legeza nati za magurudumu ya nyuma, inua kwa jeki, kisha egemeza chesisi juu ya stendi za chuma. Usiegemeze juu ya mawe au matofali, wala usiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Wako waliokufa hivyo. Sasa shikilia ekseli kwa jeki ya pili, ili isianguke na kuvuta mpira wa breki utakapotoa shokabzoba.

Nati zenye kutu zipake mafuta ya kulegezea tangu jana yake. Fungua ya chini, kisha ya juu. Shokabzoba mpya ya mafuta ishike wima kama itakavyosimama, uivute na kuisukuma mara kadhaa mpaka iende sawasawa, ili hewa itoke. Ifunge juu, kisha inua au shusha ekseli kidogo kidogo mpaka tundu la chini lilingane. Tia bushi na washa zake kwa utaratibu ule ule uliozitoa. Nati za penye bushi za mpira usizikaze kabisa mpaka motokaa iwe imesimama juu ya magurudumu yake, kwani zikikazwa ekseli ikiwa imening'inia, bushi hujipinda na kupasuka mapema. Kaza kwa kipimo cha kiwanda. Endesha polepole, jaribu breki, na baada ya siku chache zikague nati tena.

Zile za zamani usizikate wala kuzitupa motoni, maana zenye gesi zaweza kupasuka. Mafuta yake yasimwagwe mtaroni. Maji ya mitaro hushuka katika vijito na katika kinamasi cha Sironga, na huko ng'ombe wetu hunywa.

TUUNGAME KOSA LETU

Nimeacha neno kubwa mpaka mwisho. Hata ukinunua shokabzoba bora kuliko zote, ukiendelea kupakia mzigo unaopita uwezo wa motokaa, utazinunua tena upesi. Tumezoea kuona motokaa ndogo imepakiwa watu mpaka katika buti, na pikapu imepakiwa mpaka nyuma yake inagusa mpira. Wengine hutia springi za ziada na shokabzoba ngumu ili wapakie zaidi. Ekseli, breki na mipira havikuongezwa nguvu. Tumeuondoa mzigo mahali pamoja tukauhamishia pengine.

Ndugu zetu wa skimu za Nyansiongo, Lietego na kwingineko Borabu, ambako mashamba yaligawiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanajua jinsi ya kuandika katika kitabu gharama za mbegu, mbolea na dawa ya ng'ombe. Kwa nini motokaa inayopeleka maziwa na mahindi isiwe na ukurasa wake? Nashauri kila mwenye pikapu, na kila kikundi chenye pikapu moja, kiweke akiba kidogo kwa kila safari, na kiandike kilomita na siku ya kukagua vyombo vya chini. Pesa hiyo isiguswe kwa arusi wala kwa matanga. Kikundi ambacho hakina akiba ndicho kinachonunua shokabzoba moja, tena iliyotumika.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba ukuta hujengwa tena, lakini mtoto aliyeanguka kutoka nyuma ya pikapu konani harudishwi. Kesho asubuhi, kabla hujapakia, zunguka nyuma ya motokaa yako, uinamie, utazame.