Tahasusi na Walimu

Uchaguzi ni heshima kwa mtu. Aliyewekewa vitu viwili mbele yake akaambiwa achukue akipendacho amepewa haki. Aliyesomewa majina ya vitu mia, na hapana hata kimoja kilicho karibu na mkono wake, amepewa maneno matupu. Tofauti hii yafaa ikumbukwe na kila asifuye wingi wa masomo waliyofunguliwa vijana wa kidato cha tano na cha sita katika Tanzania.

Mwezi wa Machi mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuwa tahasusi, yaani mafungu ya masomo matatu matatu ambayo kijana huchagua moja akaendelea nalo, zimeongezwa kutoka 16 mpaka 65. Historia na jiografia, fizikia na hisabati, uchumi na biashara, yote yalipata majirani wapya: lugha za kigeni, sanaa, michezo na elimu ya dini. Wengi walishangilia, wala hawakustahili lawama. Akili za watu hazikufinyangwa katika kalibu moja, na kijana mwenye kipaji cha sauti hana sababu ya kuaibishwa kwa kuwa hakujaliwa kipaji cha hesabu. Walakini shangwe hiyo ililipita upesi swali moja lililo kubwa kuliko orodha yenyewe: ni nani atakayeweza kuchagua?

Jibu la swali hili na litafutwe Sirari. Huu ni mji wa mpakani katika Wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Ng'ambo yake ni Isebania ya Kenya. Pande zote mbili wanakaa Wakuria, ndugu waliotengwa kwa mpaka ambao chanzo chake ni mapatano ya Waingereza na Wadachi ya mwaka 1886. Mtoto wa hapo hujua kabla ya kufika shuleni kwamba shilingi haina thamani moja pande zote, kwamba mzigo una ushuru, na kwamba Kikuria cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni vina kazi zake mbalimbali. Katika wilaya hiyo hiyo, huko Nyamongo, dhahabu huchimbwa kwa mitambo mikubwa tangu mwaka 2002. Kahawa hulimwa katika vilima vya Tarime, na si mbali ni mbuga ya Serengeti inayoendewa na wageni wa dunia nzima. Kama pana mahali ambapo uchumi, kemia, jiografia, lugha na historia zina kazi ya kufanya nje ya kitabu, ni hapo.

Walakini kijana haingii kidato cha tano kwa kutamani. Hana budi afaulu mtihani wa kidato cha nne kwa alama ya A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, na tahasusi atakayopewa hutokana na masomo aliyoyafaulu. Alama hizo hazivunwi mwezi wa mtihani. Hupandwa kidato cha kwanza, hupaliliwa cha pili na cha tatu, na mkulima wake ni mwalimu. Palipokosekana mwalimu wa fizikia kwa miaka minne, kila tahasusi yenye fizikia imekwisha kufungwa kabla kijana hajaisikia. Hakuchagua kuiacha, aliachishwa.

Upungufu wa walimu wa sayansi na hisabati katika shule za sekondari za kata umekiriwa na Serikali yenyewe mara nyingi. Katika utawala wa Rais Jakaya Kikwete iliagizwa kila shule ya namna hiyo ijengewe maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia, na wananchi wakachanga fedha na nguvu zao. Jengo ni jambo jema, lakini jengo halifundishi. Maabara isiyo na mwalimu ni sawa na zahanati isiyo na mganga: mgonjwa huiona, akaisifu rangi ya kuta zake, akarudi nyumbani na homa yake.

Watetezi wa orodha husema kuwa kidato cha tano ni cha taifa zima. Kijana wa Sirari aweza kupelekwa Tabora au Iringa iliko tahasusi yake, na tangu mwaka wa fedha 2022/2023 ada ya vidato hivyo viwili imeondolewa. Maneno haya ni ya kweli, na wema uliomo ndani yake hauwezi kukanwa. Lakini safari ya Tabora ni ya yule aliyekwisha kufaulu. Kurefusha orodha juu bila ya kujaza pengo la chini ni kumwongezea chakula aliyeketi mezani, na kumwita karamuni kwa sauti kubwa yule aliyefungiwa nje.

Wako na wengine wasemao kuwa kijana aliyekosa sayansi na asome historia, kana kwamba historia ni jaa la kutupia wanafunzi. Kauli hii huwatukana wawili kwa pamoja, somo na msomaji wake. Historia yataka mtu aliyeipenda, kama fizikia itakavyo. Na aliyeisoma kwa kukosa jingine aghalabu huifundisha baadaye kwa moyo huo huo wa kukosa.

Nchi hii ina fundisho lake la zamani katika jambo hili. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Nia ilikuwa njema. Ilifuata Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967. Hata hivyo uchunguzi wa George Psacharopoulos na William Loxley, uliotolewa mwaka 1985 kwa mifano ya Colombia na Tanzania, haukuona kuwa wahitimu wa michepuo waliwapita wenzao katika kupata kazi. Jina la mchepuo peke yake halikumfanya mtu mkulima wala fundi, na jina la tahasusi peke yake halitamfanya mtu mwanamuziki wala mjuzi wa lugha.

Basi yafaa mambo matatu yatangulie kabla ya tahasusi ya 66. Kwanza, mwalimu wa sayansi na wa hisabati apelekwe mpakani, apewe nyumba ya kukaa na sababu ya kubaki. Pili, kila shule itangaze wazi, mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza, ni masomo gani yana walimu na yapi hayana, ili mzazi ajue mtoto wake amefunguliwa milango mingapi. Tatu, pasitangazwe tahasusi mpya mpaka walimu wake wahesabiwe kwa vichwa, shule kwa shule.

Haya si mashauri ya kuwanyima vijana upana. Upana wenyewe ndio unaodaiwa, uwafikie na wa Sirari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; na mvungu wa kidato cha tano ni darasa la kidato cha kwanza, ambamo mtoto amekaa na kitabu cha fizikia mkononi akingoja mwalimu aingie.