AFYA NYUMBANI: Tumbo Linauma, ao Ni Moyo?



Siku moja ya soko pale Mudaka, miaka imepita sasa, mama mmoja aliingia katika kituo cha afya pamoja na binti yake wa miaka 15. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule ule. Mara ya kwanza tulisema ni minyoo. Mara ya pili tukasema ni malaria. Mara ya tatu watoto walijaa kwenye mabenchi, mvua ilikuwa karibu, na mimi nilikwisha kushika kalamu niandike tena dawa ya tumbo. Mama akasema tu, kama vile si kitu: «Kaka yake alikufiaka kule machimbo. Tangu pale huyu hakuli muzuri, halale. Juzi alipatia mudogo yake nguo zake zote za Siku ya Mungu.»

Kalamu ikasimama. Nilimuomba mama atupishe kidogo, nikamuuliza yule mutoto: «Binti yangu, uchungu ikizidi, unafikaka kuona heri kufa kuliko kuishi?»

Alinyamaza sana. Kisha akajibu: «Ndiyo, mama. Lakini hakuna mutu aliniulizaka ile.»

Mikono yangu ilikuwa imemupima mara mbili. Mdomo wangu haukuwa umeuliza. Ninaandika kosa langu hapa ili wewe usilirudilie.

Je, kuuliza si kumuonyesha njia?

Bazazi wengi wanaogopa hivyo. Hapana. Waganga wamechunguza jambo hili kwa miaka mingi: kuuliza kwa upole hakupandi wazo la kujiua katika kichwa cha mutoto. Kama wazo halipo, atakujibu hapana. Kama lipo, atapumua, maana mzigo umepata mubebaji wa pili.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linahesabu watu zaidi ya 720.000 wanaojiua kila mwaka. Katika vijana wa miaka 15 mpaka 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Kwa hiyo si «ugonjwa ya wazungu» kama tunavyosikia kwenye barabara.

Kule Marekani, mwaka 2012, waganga walitayarisha maulizo 4 mafupi ya kuuliza vijana wanaofika hospitali, hata kama wamekuja kwa mguu uliovunjika ao kwa homa. Yanachukua nusu dakika tu. Mwaka 2022 waganga wa watoto wa inchi ile walishauri kila mutoto kuanzia miaka 12 aulizwe. Sababu ni moja: kijana mwenye moyo uliochoka haji kusema «moyo umechoka». Anakuja na kichwa, tumbo, ao usingizi uliopotea.

Hapa kwetu

Sisi watu wa Kivu tunajua vita, tunajua machimbo yanayofunika watu, tunajua kijana anayerudi kutoka shimoni na madeni pahali pa dhahabu, na binti anayebeba mimba bila mutu wa kumusimamia. Haya yote yanaingia katika kituo cha afya pamoja na malaria. Daktari Mukwege na wenzake wa Panzi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1999, walituonyesha kwamba jeraha la mwili na jeraha la ndani yanatunzwa pamoja. Na kule SOSAME, Bukavu, kituo cha Ma-Frère de la Charité, wako watunzaji wa magonjwa ya akili. Kwenda pale haina haya. Haya ni kuficha mugonjwa.

Ufanye nini?

Angalia. Mutoto anagawa vitu vyake, anaaga watu, anaacha marafiki, anaanza pombe, anasema «mimi ni mzigo kwenu». Usiseme ni vitisho ao michezo.

Uliza wazi, pembeni, bila hasira. Usimupige, usimuhubirie kwanza. Sikiliza mpaka mwisho.

Usimuahidi siri. Mimi nilimuambia yule binti: «Hii sitaibeba peke yangu. Tutamwambia mama, mimi na wewe pamoja.» Alikubali.

Usimuache peke yake, na ufunge dawa zote na sumu ya shamba kwa kufuli. Ufunguo ukae kwako. Hili si jambo dogo. Kule Sri Lanka, serikali ilipokataza sumu za shamba zilizo kali zaidi, hesabu ya wanaojiua ilishuka karibu 70 kwa mia. Mawazo haya huja kwa nguvu na hupita. Mutoto akikosa sumu saa ile, mara nyingi anaishi.

Mupeleke kwa muganga siku ile ile. Na akisha kutoka hospitali, usiseme «imeisha». Majuma ya kwanza nyumbani ndiyo yenye hatari zaidi. Yeye arudi kuonekana kwa tarehe yake, na watu wa jumuiya wapitie nyumbani kumusalimia.

Yule binti alirudi juma lililofuata, na juma lingine tena. Siku moja alikuja bila tumbo kuuma, kunisalimia tu.

Tukumbuke nabii Eliya, aliyechoka mpaka akaomba kufa chini ya muti. Mungu hakumugombeza. Alimuacha alale, akamupa mkate na maji, ndipo baadaye akamuonyesha njia na mwenzake wa kutembea naye. Tufanye vile vile.

Ya kuzungumza katika jumuiya:
1. Katika nyumba yetu, mutoto anaweza kumuambia nani kama amechoka na maisha?
2. Dawa na sumu za shamba tunaziweka wapi?
3. Ni kijana gani hatujamuona tangu mwezi uliopita? Nani atapita kwao leo?

Tutaonana mwezi ujao.